Mabingwa wa Kriketi ya Wanawake, Toka Uingereza Mwaka wa 1973 Hata Kigali

(Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV)

Katika toleo lililopita la gazeti letu mpira wa miguu ulipewa kurasa sita, na michezo ya wasichana ikapewa nusu ukurasa, na nusu hiyo yenyewe ilikuwa orodha ya majina tu. Simlaumu mhariri, maana yeye huchapa anacholetewa. Basi safari hii nimemletea mimi habari za mchezo ambao wengi wetu hapa bondeni hatujapata kuuona kwa macho, nao ni kriketi, tena kriketi ya wanawake. Nataka kueleza ni akina nani waliokuwa mabingwa tangu mashindano ya kwanza ya mataifa, na jinsi ubingwa huo ulivyokuja ukafika kwa majirani zetu, na kwetu wenyewe pia. Wazazi nao nawaomba wasome hata mwisho, kwa sababu kuna shauri moja litakaloletwa mbele ya kikao chao, nami nitalitaja.

Kwanza mchezo wenyewe. Kila msichana aliyekulia Ifakara, Mang'ula, Mlimba au Malinyi anaijua rede. Wawili husimama huku na huku na kutupa mpira, na mmoja aliye katikati huukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Kriketi ni kama rede iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Hapa anayetupiwa mpira haukwepi. Huungoja na kuupiga kwa kibao kipana cha mti. Nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu, na juu yake vimelazwa vijiti viwili vidogo. Hiyo ndiyo wiketi. Mrushaji husimama mbali, umbali wa kama mita 20, na kazi yake ni kuziangusha wiketi hizo. Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake aliye upande wa pili hukimbia wakabadilishana mahali, na kila wakivuka salama huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kubingirika ni mikimbio 4, ukivuka mpaka bila kugusa chini ni 6. Mrushaji hurusha mara 6, ndiyo ova moja, kisha mwingine hupokea zamu. Wapigaji 10 wakitolewa, zamu ya timu imekwisha, na timu ya pili huingia kujaribu kuipita hesabu ya ile ya kwanza.

Kile kibao wengine hukiita gongo. Mimi nitakiita kibao, maana hapa kwetu neno gongo lina maana nyingine ambayo mzazi hapendi kuisikia kinywani mwa mwanafunzi.

Wako wadhanio kwamba wanawake wameanza kucheza kriketi juzi. La, sivyo. Mchezo wa kwanza wa wanawake ulioandikwa gazetini ulichezwa tarehe 26 Julai, 1745, katika jimbo la Surrey, Uingereza, baina ya wasichana wa vijiji viwili, Bramley na Hambledon. Mwezi wa Desemba, 1934, wanawake wa Uingereza walivuka bahari wakacheza na wenzao wa Australia mjini Brisbane, nao huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa mataifa kwa wanawake. Lakini kucheza ni jambo moja, na kuwa na kikombe cha kugombania ni jambo jingine. Kikombe hicho hakikupatikana mpaka mwaka wa 1973.

La ajabu ni hili, nami naomba wavulana wa darasa langu walisome polepole: Kombe la Dunia la kriketi la wanawake lilitangulia lile la wanaume kwa miaka miwili. Wanaume walianza mwaka wa 1975. Wanawake ndio walioonyesha njia, na wala hawakuonyesha kwa sababu walikuwa na fedha. Hawakuwa nazo. Nahodha wa Uingereza, Bibi Rachael Heyhoe Flint, alikuwa akitafuta wafadhili huku na huku, mpaka tajiri mmoja, Bwana Jack Hayward, akatoa pauni 40,000. Kwa fedha hizo zikakusanyika timu saba: Uingereza, vijana wa Uingereza, Australia, New Zealand, Jamaica, Trinidad na Tobago, na timu moja ya mchanganyiko wa wachezaji wa nchi mbalimbali. Hapakuwa na fainali iliyopangwa. Bingwa alikuwa yule atakayekuwa na pointi nyingi. Lakini bahati ilipenda kwamba mchezo wa mwisho kabisa, uliochezwa Birmingham tarehe 28 Julai, 1973, ukawakutanisha Uingereza na Australia, na mshindi wake ndiye angetwaa kikombe.

Siku hiyo Bibi Enid Bakewell alipata mikimbio 118. Uingereza ilifikisha 279 kwa kupoteza wiketi 3 tu, na Australia ikaishia 187, na kikombe kikatolewa na Binti Mfalme Anne. Kuhusu huyu Bibi Bakewell naomba nisimame kidogo. Alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe, baba yake akiwa mchimbaji. Alisomea ualimu wa michezo. Alikuwa ameolewa na ana mtoto mdogo alipokwenda safari ya miezi mingi Australia na New Zealand mwaka wa 1968, na katika safari hiyo alipata zaidi ya mikimbio 1,000 na wiketi zaidi ya 100. Nimemtaja kwa sababu mara nyingi twaambiwa kwamba michezo ni ya wasichana wasio na kazi nyumbani. Mama huyu alikuwa na kazi nyumbani na kazi shuleni, na bado alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Australia, na zamu yao ilikuwa ndefu mno. Walichukua kikombe India mwaka wa 1978, wakakichukua tena New Zealand mwaka wa 1982, na kwao wenyewe mwaka wa 1988. Mara hizo mbili za mwisho waliwashinda Waingereza katika fainali. Uingereza walilipiza mwaka wa 1993, si kwa Australia bali kwa kuifunga New Zealand, na fainali hiyo ilichezwa katika uwanja wa Lord's, London, ambao wenye kuupenda mchezo huuheshimu sana. Lakini wanawake waliruhusiwa kuukanyaga kwa mchezo wa mataifa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1976 tu. Hata walipokuwa mabingwa katika uwanja ule ule, klabu yenye uwanja, iliyoanzishwa mwaka wa 1787, ilikuwa bado haimpokei mwanamke kuwa mwanachama. Iliwakubali kwa kura ya mwaka wa 1998. Yaani bingwa wa dunia aliweza kushinda kikombe uwanjani, lakini hakuweza kuwa na kadi ya klabu.

Mwaka wa 1997 mashindano yalirudi India, timu 11 safari hii. Nahodha wa Australia, Bibi Belinda Clark, akicheza na Denmark mjini Mumbai, alipata mikimbio 229 bila kutolewa. Hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amewahi kufikisha 200 katika mchezo wa kimataifa wa siku moja. Mwanamume wa kwanza kufanya hivyo alipatikana miaka 12 baadaye, mwaka wa 2010, naye ni Sachin Tendulkar wa India. Mwalimu wetu wa hesabu ataniwia radhi nikisema kwamba hesabu hii naikumbuka kuliko zile za logi.

Australia walitwaa kikombe mwaka huo mjini Kolkata. Mwaka wa 2000 New Zealand, wakiwa kwao, waliwakomesha kwa tofauti ya mikimbio 4 tu, 184 kwa 180. Mwaka wa 2005, Afrika ya Kusini, Australia tena, wakiifunga India. Na mwaka huo huo wa 2005 baraza la kriketi la wanawake la dunia, lililoundwa mwaka wa 1958, liliunganishwa na baraza kuu la kriketi ambalo zamani lilishughulika na wanaume peke yao. Kabla ya hapo wanawake walijitafutia nauli wenyewe. Uingereza walishinda mwaka wa 2009, Australia mwaka wa 2013, Uingereza tena mwaka wa 2017, Australia tena mwaka wa 2022 ambapo Bibi Alyssa Healy alipata mikimbio 170 peke yake katika fainali. Hesabu yake, kufika hapo, ilikuwa Australia mara 7, Uingereza mara 4, New Zealand mara 1.

Waangalieni sasa India. Walifika fainali mwaka wa 2005 wakashindwa. Walifika tena mwaka wa 2017, pale Lord's. Walikuwa wakihitaji 229 kushinda, na walikuwa wamekaribia sana, kisha wapigaji 7 wa mwisho wakatolewa kwa mikimbio 28 tu, wakashindwa kwa 9. Bibi Anya Shrubsole wa Uingereza alichukua wiketi 6. Kushindwa hivyo ni kuchungu kuliko kushindwa kwa mbali. Basi mwaka wa 2025 mashindano yakawa kwao wenyewe. Msichana mmoja, Shafali Verma, hakuchaguliwa katika kikosi. Alibaki nje, wenzake wakacheza. Mchezaji mmoja akaumia karibu na mwisho, ndipo Shafali akaitwa kuziba pengo kabla ya nusu fainali. Katika fainali iliyochezwa Navi Mumbai tarehe 2 Novemba, 2025, alipata mikimbio 87, kisha akarusha mpira akachukua na wiketi 2. Mwenzake Deepti Sharma alichukua wiketi 5. India 298, Afrika ya Kusini 246. Ndipo India ikawa taifa la nne kutwaa kombe hilo.

Mashindano hayo niliyoyaeleza ni ya ova nyingi, 60 hapo mwanzo na 50 siku hizi, nayo huchukua siku nzima. Yako na mengine ya ova 20, ambayo huisha kwa saa tatu hivi, muda ambao hata sisi wenye kengele ya saa 12 tungeweza kuumudu. Kombe la Dunia la ova 20 kwa wanawake lilianza mwaka wa 2009, na Uingereza wakawa wa kwanza. Kisha Australia wakatwaa mara tatu mfululizo, 2010, 2012 na 2014. Mwaka wa 2016 mjini Kolkata walikutana na West Indies, na watu wengi walidhani kazi imekwisha kabla haijaanza. Aliyewaharibia alikuwa Hayley Matthews wa Barbados, mwenye umri wa miaka 18, aliyepata mikimbio 66. Miaka 18! Ni mwaka mmoja tu kuliko mimi. Australia walirudi wakatwaa 2018, 2020 na 2023. Fainali ya 2020, iliyochezwa Melbourne tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ilitazamwa na watu 86,174 waliokuwa uwanjani. Mwaka wa 2024, huko Dubai, New Zealand wakawa mabingwa.

Msomaji mwangalifu ameona kwamba katika orodha yote hii hamna bara letu. Hata hivyo limekaribia sana. Afrika ya Kusini ilishindwa na Australia katika fainali ya ova 20 ya mwaka wa 2023, ikashindwa na New Zealand katika ile ya 2024, na ikashindwa na India katika ile ya ova 50 ya 2025. Fainali tatu, tatu zote wakarudi mikono mitupu, na katika ile ya mwisho nahodha wao, Bibi Laura Wolvaardt, alipata mikimbio 101 na bado haikutosha. Mimi nawahesabu kuwa timu kubwa. Wako wanaowacheka, nadhani hao hawajui ilivyo kazi kufika fainali hata ya bweni na bweni.

Sasa tuje kwetu. Kriketi si ngeni Afrika Mashariki. Kombe la Dunia la wanaume la mwaka wa 1975 liliingiwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa nchi zetu na Zambia, ikashindwa michezo yote mitatu. Kenya ilifika nusu fainali ya wanaume mwaka wa 2003. Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la dunia mwaka wa 2001. Lakini kwa wasichana jambo lililobadilisha mambo lilikuja tarehe 1 Julai, 2018, ambapo ilianza kutumika kanuni ya baraza kwamba mchezo wowote wa ova 20 baina ya timu za wanawake za nchi wanachama utahesabiwa kuwa mchezo kamili wa kimataifa. Tangu siku hiyo mkimbio uliopatikana Kigali au Entebbe huandikwa katika daftari lile lile la mkimbio uliopatikana Melbourne.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, Uganda ilikwisha kuwa bingwa wa Afrika katika michezo ya mchujo iliyofanyika Windhoek, ikapata nafasi ya kwenda Uholanzi mwaka wa 2018 kugombea tiketi ya dunia. Na Zimbabwe imekuwa na nguvu kwa miaka mingi. Iliposhirikishwa kriketi kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Afrika, mjini Accra mwezi wa Machi, 2024, wanawake wa Zimbabwe ndio waliovishwa dhahabu baada ya kuwashinda chipukizi wa Afrika ya Kusini kwa ova ya nyongeza.

Lakini mashindano niyapendayo zaidi ni yale ya Kigali, yaitwayo Kwibuka. Neno hilo ni la Kinyarwanda, na Mswahili hahitaji mkalimani, maana ni ndugu wa neno letu kukumbuka. Yalianza mwaka wa 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka wa 1994, na hufanyika kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa. Kriketi yenyewe ililetwa Rwanda na watu waliokulia ukimbizini, wengi wao Uganda na Kenya, ambao walirudi kwao na mchezo waliojifunza ugenini. Chama chao kiliundwa mwaka wa 1999. Kwa miaka mingi walichezea kiwanja cha shule ya ufundi ya Kicukiro, mahali ambapo mwezi wa Aprili, 1994, watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia wakidhani watalindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na askari wale wakaondoka. Uwanja mpya wa Gahanga ulifunguliwa mwaka wa 2017.

Mwezi wa Juni, 2019, timu nne zilikutana huko: Rwanda, Uganda, Tanzania na Mali. Mali ilikuwa changa kabisa katika mchezo huu. Katika mchezo wake na Rwanda timu nzima ilitolewa kwa mikimbio 6, na katika hiyo 6 ni mmoja tu uliotoka katika kibao, mingine ilikuwa zawadi ya makosa ya warushaji. Rwanda iliishinda kwa mipira 4. Siku mbili baadaye Uganda iliifanyia Mali mikimbio 314, Mali ikajibu 10. Kisha ikaja Tanzania, ikapata 285 kwa kupoteza wiketi 1, na humo Bibi Fatuma Kibasu alipata 108 bila kutolewa. Mali ikapata 17.

Nilipowasomea wenzangu bwenini habari hizo walicheka sana. Mimi nawaambia waangalie tena hesabu ya Mali: 6, halafu 10, halafu 17. Wasichana wale walipata aibu iliyoandikwa katika magazeti ya dunia nzima, na kesho yake wakavaa sare wakarudi uwanjani. Si kila timu ingerudi.

Kikombe cha mwaka ule kilikuja Tanzania. Mwaka wa 2020 hapakuwa na mashindano kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka wa 2021 Kenya walikitwaa kwa kuishinda Namibia. Mwaka wa 2022 ziliingia timu nane, mbili zikitoka mbali, Ujerumani na Brazil, na Tanzania ikatwaa tena kwa kuishinda Kenya katika fainali. Yaani ubingwa mara mbili katika miaka minne, lakini nikiuliza bwenini hakuna msichana hata mmoja aliyepata kusikia. Naye Bibi Kibasu katikati ya hayo, mwezi wa Septemba, 2021, alipata mikimbio 127 bila kutolewa dhidi ya Eswatini katika michezo ya mchujo iliyofanyika Gaborone. Mwaka wa 2023 wenyeji Rwanda ndio waliotwaa Kwibuka, wakiishinda Uganda.

Ushindi huo wa Rwanda haukutoka hewani. Mwezi wa Januari mwaka huo huo wasichana wao wa chini ya miaka 19 walikwenda Afrika ya Kusini kwa Kombe la Dunia la kwanza la umri huo. India ndio waliokuwa mabingwa, na wamekuwa tena mwaka wa 2025. Lakini Rwanda, wasiotegemewa na mtu, waliwashinda Zimbabwe, ambapo Henriette Ishimwe alichukua wiketi 4 kwa mipira 4 mfululizo, kisha wakawashinda West Indies. Miaka miwili baadaye, huko Malaysia, wasichana wa Nigeria waliwashinda New Zealand kwa mikimbio 2. New Zealand! Ambao miezi mitatu kabla dada zao walikuwa wametawazwa mabingwa wa dunia. Wasichana hao wote ni wa umri wetu, wenye madaftari na mitihani kama sisi. Tanzania bado haijapata kucheza Kombe la Dunia la wanawake.

Nimefika kwenye lile shauri. Yasemekana kwamba katika kikao cha wazazi cha muhula ujao patatolewa pendekezo kwamba saa za michezo za jioni kwa wasichana wa Kidato cha III na cha IV ziondolewe, zitumike kwa masomo ya ziada. Sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni matokeo ya mitihani. Mimi ni wa Kidato cha IV na mtihani wangu ni mwezi wa Novemba, kwa hiyo sina haja ya kuambiwa uzito wake. Lakini saa hizo ni jioni mbili kwa juma, saa moja na nusu kila jioni, na wavulana hawakutajwa katika pendekezo hilo. Kama saa tatu kwa juma zaharibu fizikia ya msichana, sioni kwa nini zisiharibu na ya mvulana. Na kama haziharibu ya mvulana, basi hapana budi tutafute mahali pengine palipoharibika. Pengine ni katika kuchota maji wakati pampu imekufa, kazi ambayo jioni nyingi hutupata sisi wasichana.

Sababu ya pili ni mavazi na heshima. Baba mmoja alimwambia binti yake, ambaye ni rafiki yangu, aache mbio kwa ajili ya kaptura. Nami namheshimu mzee huyo, maana anamwogopea mwanawe. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kuleta habari za kriketi. Wachezaji wake huvaa suruali ndefu na shati, na mwenye kutaka kujifunika kichwa hujifunika. Abtaha Maqsood huichezea Uskoti akiwa na hijabu yake, katika mashindano ya dunia, na hakuna anayemzuia. Mtu akitaka mchezo wa stara, huu hapa.

Wapo watakaosema kwamba kriketi yahitaji fedha na uwanja wa majani mazuri. Kweli, kiwanja chetu wakati wa masika ni bwawa, na udongo mweusi wa bonde hili haurudishi mpira; ukiangukia humo umelala. Lakini katika nchi nyingi huchezea juu ya ukanda wa saruji uliotandikwa mkeka, nao si mrefu sana. Sisi tuliomba ruhusa tukajaribu juu ya sakafu ya kuanikia mpunga, baada ya mavuno kuondolewa. Mpira unaruka vizuri, wakati mwingine kuliko tulivyotaka. Fundi seremala alituchongea vibao viwili kwa masalio ya mbao za mtiki. Ni vizito kuliko inavyopasa, kwani Waingereza hutumia mti mwepesi uotao kando ya maji, lakini vinapiga. Mpira ni wa tenisi, si ule wa ngozi, kwa hiyo wazazi wasiogope meno ya watoto wao. Vijiti vya wiketi ni vya mianzi.

Tunacheza tukiwa kumi na mmoja, wakati mwingine tisa. Hesabu kubwa tuliyopata kufikisha ni mikimbio 61. Mwandishi wa hesabu ni msichana wa Kidato cha II, naye huziandika katika daftari la kurasa 96 pamoja na tarehe na jina la kila aliyepiga. Sisi wa Kidato cha IV tutakapoondoka, vibao, vijiti na daftari vitakabidhiwa kwa dada mkuu wa Kidato cha III, kama saa zile za jioni zitakuwako.